Kisukari, Kidonda Ndugu na Haki ya Maskini

Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei na wajumbe wa jumuiya ndogo ndogo, Mlowo





Huenda baadhi yenu mmejiuliza kwa nini kamati ya haki na amani izungumze juu ya ugonjwa wa sukari. Mmezoea kutusikia tukisema juu ya migogoro ya mipaka ya mashamba, mirathi ya wajane, wapimaji wa mizani wanaompunja mkulima, na wajibu wa raia wakati wa uchaguzi. Ugonjwa, mtasema, ni kazi ya daktari. Nasi tulidhani hivyo kwa muda mrefu. Tumebadili mawazo kwa sababu ya mazishi tuliyoyahudhuria, na kwa sababu ya mguu mmoja uliokatwa.

1. Tuliyoyaona kwetu

Majina tunayaacha, maana wenyewe au ndugu zao wamo kati yetu.

Wa kwanza ni mama aliyekuwa akiuza maharage sokoni. Alinunua viatu vipya, vikamchubua kidole. Hakusikia maumivu, maana miguu yake ilikuwa imekwisha kufa ganzi siku nyingi, naye alidhani ni uchovu wa kusimama. Kidonda hakikupona. Watu wakakiita kidonda ndugu. Wengine wakasema ametegewa. Akapewa majani ya kubandika. Jumuiya yetu ilikwenda kusali nyumbani kwake mara tatu, na katika mara hizo tatu hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza kama amepimwa sukari. Alipofika kwenye kituo cha kutolea huduma, mashine ya kupimia ilikuwapo, lakini vipande vya kupimia vilikuwa vimekwisha. Akaambiwa arudi baada ya juma moja. Alirudi na kidole cheusi. Alipofikishwa hospitali kubwa, mguu ulikatwa juu ya goti. Leo yu hai, namshukuru Mungu, ndivyo asemavyo yeye mwenyewe. Lakini meza yake sokoni ina mtu mwingine.

Wa pili ni mtoto wa darasa la tano. Alianza kukojoa kitandani, jambo aliloliacha tangu utotoni, akachekwa na ndugu zake. Alikunywa maji kama ng'ombe wa kiangazi, akakonda mbele ya macho yetu. Alitibiwa malaria, kisha homa ya matumbo. Tulipokwenda kumtazama tulimchukulia soda mbili ili apate nguvu. Tulifanya hivyo kwa upendo. Alizikwa siku ya nne.

Kwa mazishi yale jumuiya ilichanga kwa moyo: sanda, jeneza, chakula, na gari la kuwaleta ndugu kutoka Tunduma. Baadaye mweka hazina wetu alipiga hesabu akatuambia kwamba fedha ile ingetosha kununua mashine ndogo ya kupimia sukari pamoja na vipande vyake vya miezi mingi. Hatukuwa maskini wa fedha siku ile. Tulikuwa maskini wa maarifa na wa mpango. Hapo ndipo kamati yetu ilipoona kwamba jambo hili linaihusu.

2. Ugonjwa wenyewe ni nini

Chakula tunachokula, ugali, ndizi, viazi, wali, hugeuka kuwa sukari katika damu. Sukari hiyo ndiyo kuni za mwili. Ili iingie ndani ya chembe za mwili na kutumika, huhitaji ufunguo uitwao insulini, unaotengenezwa na kongosho. Ufunguo ukikosekana, au ukiwapo lakini kufuli limeshupaa, sukari hubaki ikielea katika damu, na mwili hufa njaa katikati ya shibe.

Kisukari cha aina ya kwanza hutokea mara nyingi kwa watoto na vijana. Kongosho lao huacha kutengeneza insulini. Hakuna kosa la mtoto wala la mama yake, na hakuna dawa ya mizizi inayoweza kushika nafasi ya insulini. Bila insulini mtoto huyo hufa. Kisukari cha aina ya pili, ambacho ndicho cha wengi, huja polepole kwa watu wazima. Hakitokani na kuweka sukari nyingi katika chai tu, kama wengi wanavyodhani. Hutokana na kurithi, na umri, na unene hasa wa tumboni, na mwili kukosa kazi, na chakula kilichozidi mahitaji ya mwili. Kuna pia kisukari cha mimba, ambacho humwinda mama na mtoto wake hata baada ya kujifungua.

Dalili zake ni kiu isiyokatika, kukojoa mara kwa mara, kukonda, uchovu, macho kufifia, ganzi ya miguu, na vidonda visivyopona. Lakini aina ya pili inaweza kukaa miaka bila dalili yoyote, huku ikila macho, figo, moyo na mishipa ya miguu kimyakimya. Kwa hiyo anayengoja augue ndipo apimwe, mara nyingi hupimwa akiwa amechelewa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humfichua. Na kwa ugonjwa huu hata asiyeficha huweza kufichuliwa, kwa kuwa hajui kwamba anao.

3. Jinsi mzigo ulivyoongezeka

Katika miaka ya 1980 madaktari wa Muhimbili, wakiongozwa na Profesa Donald McLarty, walikwenda katika vijiji sita vya nchi yetu wakawapima watu wazima maelfu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1989 yalionyesha kwamba wenye kisukari walikuwa chini ya mtu 1 katika kila watu 100. Wakati ule wengi waliuita ugonjwa wa matajiri, ugonjwa wa mjini.

Katika miaka ya 1990 watafiti waliulinganisha mji na kijiji. Huko Ilala, Dar es Salaam, watu wazima karibu 6 katika kila 100 walikuwa na kisukari. Katika kijiji cha Shari, Kilimanjaro, hawakufika 2. Mwaka 2012 ukafanyika uchunguzi wa kitaifa wa watu wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Takriban 9 katika kila 100 walikuwa na sukari iliyozidi kiasi, na karibu 26 katika kila 100 walikuwa na shinikizo la damu.

Inatupasa kuwa waaminifu na tarakimu hizi. Vipimo vya miaka ya 1980 na vya mwaka 2012 havikufanana, wala umri wa waliopimwa haukuwa mmoja. Hatuwezi kusema kwa uhakika kwamba mzigo umekuwa mara tisa au mara kumi. Lakini hata mtu mwenye mashaka hawezi kukana kwamba umeongezeka sana, na kwamba haukubaki mjini.

Sababu zake tunaziona tukisimama hapa Mlowo kando ya barabara kuu. Baba zetu walikwenda shambani kwa miguu. Sisi tunapanda bodaboda hata kwenda jumuiya. Zamani tulisaga dona. Leo anayekula dona anahesabiwa kuwa ameshindwa kununua sembe. Chipsi zilizoelea katika mafuta, soda na bia zimekuwa ishara ya heshima kwa mgeni. Tunalima maharage na parachichi, tunayapakia kwenye malori, kisha tunarudi nyumbani na mikate mieupe. Watafiti waliwafuata watu 209 waliohama kutoka vijiji vya Morogoro kwenda Dar es Salaam. Katika muda wa mwaka mmoja tu uzito wao uliongezeka kwa wastani wa zaidi ya kilo 2, na kazi za nguvu zikapungua sana. Taarifa hiyo ilitolewa mwaka 2010. Sisi hatukuhama, mji ndio uliotuhamia.

4. Programu za afya zimefanya nini

Kuna wanaosema programu za afya ni semina na posho tu. Hilo si kweli, na ni vema tukumbuke yaliyofanyika.

Wazee wetu wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Wananchi wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio pamoja, wakajadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kusafisha vyanzo vya maji. Hakuna aliyetibiwa kwa sindano katika kampeni ile. Watu walibadili mazingira yao kwa sababu walielimishwa wakiwa kikundi, wakaamua wakiwa kikundi. Funzo hilo tutalirudia.

Mwaka 1985 kiliundwa Chama cha Kisukari Tanzania. Madaktari kama Profesa Andrew Swai na Daktari Kaushik Ramaiya walijitoa kwa miaka mingi kuwafundisha wenzao na kufungua kliniki za kisukari nje ya Dar es Salaam, wakishirikiana na serikali na wafadhili. Kwa sababu ya kazi hiyo mgonjwa wa mkoani aliweza kuhudhuria kliniki ya sukari bila kusafiri hadi Muhimbili.

Kuna mfano mmoja unaotugusa zaidi, kwa sababu ya yule mama wa maharage. Kuanzia mwaka 2004 Daktari Zulfiqarali Abbas na wenzake waliendesha mradi wa kulinda miguu ya wenye kisukari. Daktari na muuguzi wa kituo kimoja waliitwa pamoja, wakafundishwa pamoja, wakapewa vifaa rahisi vya kukagua na kusafisha miguu, kisha wakarudi kufundisha wenzao na wagonjwa. Mpango haukuhitaji mashine kubwa. Ulihitaji muuguzi mwenye muda wa kumwambia mgonjwa avue viatu. Mahali ambapo miguu inakaguliwa kila mara, vidonda hugunduliwa vikiwa vidogo, na miguu mingi ambayo ingekatwa huokolewa.

Tunalo pia funzo kutoka kwa janga la UKIMWI, ambalo sisi wa njia hii ya malori tunalifahamu kwa machozi. Tangu dawa za kufubaza virusi zilipoanza kutolewa kwa mpango wa taifa mwaka 2004, nchi yetu ilijifunza kumtunza mtu kwa maisha yake yote: kadi yake, tarehe yake ya kurudi, mtu wa kumfuata asipofika, na dawa bila malipo. Kabla ya hapo vituo vyetu vilizoea mgonjwa wa siku tatu, anayepona au anayekufa. Kisukari nacho ni ugonjwa wa maisha. Njia imekwisha kulimwa. Kinachotakiwa ni kupita humo na mzigo mwingine. Na mizigo hii inahusiana, kwa maana mwenye kisukari yuko katika hatari ya kuugua kifua kikuu takriban mara mbili hadi tatu kuliko mwingine.

Tarehe 14 Novemba 2019, siku ya kisukari duniani, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alizindua huko Dodoma mpango wa taifa wa kuzuia na kudhibiti magonjwa yasiyoambukiza. Na mwaka 2022 mataifa, katika mkutano mkuu wa Shirika la Afya Duniani, yalikubaliana kwamba ifikapo mwaka 2030 wenye kisukari 80 katika kila 100 wawe wamegunduliwa, na kila mwenye aina ya kwanza apate insulini na vifaa vya kujipimia kwa gharama anayoimudu.

Je, kinga inafaa kitu? Huko Marekani, katika utafiti wa watu zaidi ya 3,000 waliokuwa ukingoni mwa kisukari, uliochapishwa mwaka 2002, waliosaidiwa kupunguza uzito kidogo na kutembea kwa haraka dakika 150 kwa juma walipunguza hatari ya kuugua kwa asilimia 58. Waliopewa vidonge vya metformini walipunguza kwa asilimia 31. Miguu ilishinda vidonge. Lakini tazameni neno hili: waliosaidiwa. Hawakupewa karatasi ya mawaidha wakaachwa. Walikuwa na mtu wa kuwafuatilia mara kwa mara.

5. Mahali programu zinapokwama

Ndugu wapendwa, kusifu kazi njema hakutuzuii kusema palipo na ufa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Ufa wa kwanza ni kupima bila kutunza. Watu wa programu huja na hema na fulana, wakapima watu kwa siku moja, wakaandika majina, wakaondoka. Aliyeambiwa ana kisukari anabaki na karatasi mkononi na hofu moyoni. Programu imeongeza hesabu ya wagonjwa wanaojulikana, lakini haijampunguzia mtu yeyote mzigo. Hapa tuwe waangalifu katika kuhukumu: programu nzuri lazima mwanzoni ionyeshe wagonjwa wengi zaidi, kwa sababu waliokuwa gizani wanatolewa nuruni. Kuongezeka kwa majina katika daftari peke yake si aibu. Aibu ni daftari lisilofuatwa na dawa.

Ufa wa pili ni umbali kati ya hospitali na zahanati. Uchunguzi wa vituo 24 vya kaskazini magharibi mwa nchi yetu, uliochapishwa mwaka 2014, ulionyesha kwamba hospitali zilikuwa na uwezo wa kutunza kisukari na shinikizo la damu kuliko vituo vya afya na zahanati, ambako vifaa, dawa na mafunzo vilipungua sana. Lakini maskini huanzia zahanati, na mara nyingi huishia hapo. Nauli ya kwenda Vwawa au Mbeya kila mwezi ni debe la mahindi.

Ufa wa tatu ni gharama. Utafiti uliofanywa Dar es Salaam mwaka 1989 na 1990 ulikadiria kwamba kumtunza mgonjwa anayehitaji insulini kuligharimu dola 287 kwa mwaka, na asiyehitaji insulini dola 103. Wakati ule wananchi wengi hawakuzipata fedha hizo hata kwa kuuza mavuno yote. Tangu uchangiaji wa gharama ulipoanza mwaka 1993, sera imetaja misamaha kwa wasiojiweza na wenye magonjwa sugu. Lakini msamaha ulioandikwa hauwezi kutoa dawa isiyokuwapo rafuni. Mgonjwa husamehewa kulipa kituoni, kisha huandikiwa akanunue dukani.

Tukumbuke insulini ilivyoanza. Iligunduliwa Toronto, Kanada, mwaka 1921. Januari mwaka 1922 kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, alikuwa mtu wa kwanza kutibiwa kwayo. Mwaka 1923 wagunduzi waliikabidhi hati ya ugunduzi wao kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola 1 kila mmoja, wakitaka dawa hiyo isifanywe mateka wa faida. Imepita zaidi ya miaka 100. Dawa iliyotolewa kwa dola 1 haikumfikia mtoto wetu wa darasa la tano, wala hakuna aliyejua kwamba anaihitaji. Kama hilo si suala la haki, basi hatujui haki ni nini.

Ufa wa nne ni kutegemea mfadhili. Mradi una mwanzo na mwisho. Kisukari hakina mwisho. Mradi ukifungwa kabla serikali, halmashauri na jamii hazijauchukua, mgonjwa anaachwa njiani.

6. Nani anadaiwa nini

Mnakumbuka mfano wa Msamaria mwema. Tunapenda kusimulia jinsi alivyofunga majeraha na kumpandisha mtu yule juu ya mnyama wake. Tunasahau mwisho wake. Alimlipa mwenye nyumba ya wageni, akamwomba amtunze, akaahidi kwamba atakaporudi atalipa kilichozidi. Huruma yake ilikuwa na bajeti, ilikuwa na mtu wa kukabidhiwa, na ilikuwa na tarehe ya kurudi. Kwa mwenye kisukari, huruma isiyorudi haimfai kitu.

Papa Yohane wa 23, katika barua yake ya mwaka 1963 juu ya amani duniani, aliyahesabu matibabu miongoni mwa haki za kila binadamu. Haki huwa na mdaiwa.

Serikali inadaiwa dawa na vipimo katika ngazi ya chini kabisa, pamoja na wataalamu waliofundishwa. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Ni wajibu wetu kuuliza kila mara kama bima hiyo inamfikia mwenye ugonjwa wa maisha katika kijiji cha mwisho, au inasomwa tu katika hotuba.

Sisi nasi tunadaiwa. Tangu mwaka wa fedha 2017/2018 sehemu ya fedha za afya hupelekwa moja kwa moja katika akaunti za zahanati na vituo vya afya, na matumizi yake hupangwa pamoja na kamati ya kituo, ambayo ina wajumbe kutoka kwa wananchi. Je, nani kati yetu anamjua mjumbe wetu? Nani amewahi kuuliza, katika mkutano wa hadhara, vipande vya kupimia sukari vimewekwa katika mpango wa mwaka huu au la? Tunalalamika nyuma ya mgongo wa mganga mfawidhi, naye masikini anapanga peke yake kwa sababu kiti chetu ki wazi. Kuuliza si uasi. Swali lililoulizwa kwa heshima, likaandikwa katika kumbukumbu za kikao, lina nguvu kuliko manung'uniko ya mwaka mzima.

Wenye kufundisha na kuombea wagonjwa wanadaiwa pia. Tunasali, na tutaendelea kusali. Lakini anayemwambia mgonjwa atupe insulini yake ili aonyeshe imani, anamwua. Tunalisema hili bila kumung'unya maneno.

7. Yaliyo mikononi mwetu

Kamati inapendekeza mambo sita, yote madogo, yote yanawezekana.

Kwanza, kila jumuiya ichague mtu mmoja wa afya. Kazi yake iwe kujua nani ana kisukari au shinikizo la damu, tarehe yake ya kliniki ni lini, na kama hakwenda, kwa nini. Afanye kazi na mhudumu wa afya wa jamii, asishindane naye, na atunze siri.

Pili, katika kumtembelea mgonjwa yeyote, tuulize: umepimwa sukari? Mtoto anayekojoa sana, mwenye kiu na anayekonda, apelekwe siku ileile, na tuseme waziwazi kwa mhudumu kwamba tunaomba apimwe sukari. Kwa mtoto huyo kesho ni mbali.

Tatu, mfuko wa rambirambi uzae mfuko wa uhai. Katika kila mchango wa msiba, sehemu ndogo itengwe kwa nauli na vipimo vya wagonjwa wa maisha wasiojiweza. Haba na haba hujaza kibaba.

Nne, miguu. Kila mwenye kisukari aitazame miguu yake kila jioni, juu, chini na kati ya vidole. Asiyeona vizuri atazamiwe na mtoto au mjukuu. Asitembee peku, asiikandie miguu kwa maji ya moto, na kabla ya kuvaa viatu avikung'ute. Kidonda kidogo kisichopungua kwa siku mbili kipelekwe kituoni.

Tano, meza zetu. Katika sherehe za parokia, ubatizo na harusi, maji safi yawekwe mezani kwa heshima ileile ya soda. Mboga za majani na maharage visiwe chakula cha aibu. Dona irudi. Anayeweza kwenda jumuiya kwa miguu, aende kwa miguu, tutamsubiri.

Sita, kiti chetu katika kamati ya kituo kikaliwe. Ndani ya miezi mitatu tunataka kila kigango kitaje jina la mjumbe wake, na mjumbe huyo alete taarifa mbele ya waamini: dawa gani zilikuwapo, zipi zilikosekana, na kwa siku ngapi.

Kwa wenye insulini majumbani mwenu, neno moja la ziada. Chupa ambayo haijafunguliwa hutunzwa katika jokofu bila kugandishwa. Nyumba isiyo na umeme hutumia mtungi wa udongo uliolowanishwa, mahali pa kivuli penye upepo. Bibi zetu walipoza maji ndani ya chombo hichohicho. Anayehisi kutetemeka, jasho na njaa ya ghafula baada ya sindano sukari yake imeshuka: huyo ndiye anayepewa soda au maji ya sukari mara moja. Mjue tofauti hiyo, maana sisi hatukuijua.

Hitimisho

Tunarudi kwa yule mama. Siku moja, katika kuandaa mada hii, tulikwenda kumwomba ruhusa ya kumtaja. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema tumtaje, ila tusiseme kwamba mguu wake ulikatwa na kisukari. Tukamwuliza tuseme nini. Akajibu kwamba ulikatwa na lile juma moja aliloambiwa asubiri, na majuma yale matatu tuliyokuja kwake tukasali tukaondoka.

Hatukuwa na la kumjibu. Tuliomba msamaha. Mapendekezo haya sita ndiyo malipizi yetu, nasi tunawaomba muyabebe pamoja nasi.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Katika jumuiya yetu ni nani wenye kisukari au shinikizo la damu? Mara ya mwisho walikwenda kliniki lini, na nini kiliwazuia?

2. Tunachanga kiasi gani kwa msiba mmoja? Tungeweza kutenga kiasi gani kwa walio hai?

3. Ni nani mjumbe wetu katika kamati ya zahanati au kituo cha afya? Kama hatumjui, nani atakwenda kuuliza, na siku gani?

4. Ni desturi zipi za chakula cha wazee wetu ambazo tumeziacha kwa kuona aibu? Ni ipi tuanze kuirudisha juma hili?